Nilitoa siri ya goti la mume wangu kwenye grupu la mashabiki

Admin, shikamoo kama umenizidi umri, na kama tuko sawa basi mambo. Jina langu lifiche, la duka lifiche, na timu usiitaje kabisa, maana watu wa mjini hapa wanaunganisha mambo haraka.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, nauza madira na mitandio Kariakoo. Mume wangu ni mchezaji mpira, beki. Ana thelathini na sita, na kwa mpira huo ni uzee. Tumepanga Mchafukoge, ghorofa ya nne, mtoto wetu mmoja yuko bweni. Watu wakisikia mke wa mchezaji wanadhani ni raha tupu. Raha gani? Mwenzangu yuko kambini, akitoka kambini yuko safarini, akirudi analala. Nabaki mimi na feni. Kuna siku nilijikuta naielezea feni jinsi mitandio ilivyopanda bei.

Ndiyo mteja wangu mmoja akaniunga kwenye grupu la mashabiki wa timu ya mume wangu. Hakujua mimi ni nani, na sikusema. Nikajiita Mama Mitandio. Wallahi wale watu walinifaa. Asubuhi, "Mama Mitandio umeamkaje?" Nikiumwa wananiuliza kama nimekunywa dawa. Mume wangu mwenyewe alikuwa haniulizi.

Msimu huu ukaanza vibaya. Mechi tano hatukushinda hata moja, tukawa mkiani. Grupu likawaka moto. Wapo waliosema kocha hafai, wengi wakasema tatizo ni wakongwe, na mkongwe wenyewe ni mume wangu. "Yule siyo beki, ni uchochoro." "Akalee wajukuu." Mzee mmoja tu, anauza viatu vya mtumba Mchikichini, ndiye aliyekuwa anamtetea. "Mwacheni, huyu katubeba miaka yote, leo kachoka ndiyo mnamtupa?" Nikisoma maneno yake nalia dukani, nawaambia wateja ni vumbi la mzigo.

Siku moja nikashindwa kuvumilia. Nikaandika, "Mnajua anavyoteseka yule?" Heee! Wakanigeukia wote. "Mama Mitandio, kumbe wewe ndo mkewe?" "Anakulipia kodi?" Mmoja akasema nitolewe, mimi nimetumwa na wapinzani. Jamani, niliogopa. Niliogopa kutolewa kuliko kitu kingine chochote. Nikaandika haraka haraka: "Mimi mwenyewe nasema atoke. Goti lake la kulia limekwisha. Kila akirudi nyumbani anakandwa barafu, na daktari wa timu hajui. Nina uhakika."

Barafu zenyewe nazinunua mimi kwa jirani wa chini. Napanda nazo ghorofa zote nne, nazifunga kwenye kanga, namkanda kwa mikono yangu hii. Na niseme ukweli wote maana nimeficha jina: moyoni kuna mahali nilitaka wamwondoe uwanjani, anirudie nyumbani.

Yule mzee wa Mchikichini akaandika, "Basi kama anaumwa, nimenyamaza." Maneno yakatoka grupu hadi grupu, kesho yake yako redioni kwenye kipindi cha michezo, siku ya tatu kocha kamwita mume wangu. Goti likapimwa, akaambiwa akajiuguze nyumbani. Na timu, huwezi kuamini, ikaanza kushinda! Mechi sita mfululizo. Sasa hivi tunawania ubingwa, na grupu limenipa cheo, naitwa Mama Habari. "Bila wewe tungeshuka daraja," wananiambia.

Nilichokitaka nimekipata, yuko nyumbani kutwa. Anakaa dirishani, namwekea chai inapoa, nampashia, inapoa tena. Ile siri tulikuwa tunaijua watu watatu tu: yeye, mimi, na golikipa wao, rafiki yake wa toka utotoni, mimi namwita shemeji. Alikuwa anakuja kwetu kila Jumapili, nyumba inachangamka. Jumapili ya kwanza baada ya goti kupimwa, mume wangu akamwambia mbele yangu, "Tulikuwa watatu. Huyu ni mke wangu. Kabaki nani?"

Shemeji akaapa mpaka machozi yakamtoka. Kisha akanitazama mimi. Nikainamia birika, nikajifanya namimina chai. Nadhani alijua, lakini hakunitaja. Akasema tu, "Haya kaka, Mungu anaona," akaondoka. Hajarudi tena, na mume wangu hana rafiki mwingine.

Juzi Jumamosi timu ilicheza. Bao lilipoingia mtaa mzima ukapiga kelele, na mume wangu alikuwa pale pale dirishani. Nilidhani atalia. Akageuka taratibu akaniambia, "Mke wangu, wewe una ile laini ya dukani. Ingia kwenye magrupu yao, nitafutie huyo aliyetajwa redioni, wanayemwita Mama Habari. Sitaki ugomvi naye. Nataka tu nimuulize nilimkosea nini."

Simu ilikuwa mkononi mwangu, meseji za kunipongeza zinaingia. Nikamjibu, "Sawa, nitajaribu." Leo asubuhi kaniuliza tena kama nimempata.

Ndugu zangu, nikisema nitampoteza mume. Nikinyamaza, mtu asiye na kosa anabeba dhambi yangu, na mume wangu anabaki bila mtu. Na msinitukane sana, nawaomba, nimeshajitukana vya kutosha. Kwenye lile grupu bado nimo. Kila siku nasema natoka, halafu asubuhi mtu ananiuliza nimeamkaje, namjibu.

Nishaurini, namwambiaje?