Ki Rahisi, Rahisi kwa Nani

Mama mkwe wangu alipotolewa rovu shingoni, daktari alituahidi kwamba sauti itarudi. Ilirudi kweli, lakini nzito, na juu haipandi tena. Na yeye ndiye mwenye kuanzisha nyimbo kanisani kwao Kabuchai, huko Bungoma, tangu mume wangu akiwa mtoto. Akina mama walikuwa wamekubaliana: Jumapili ile ajaribu, na akishindwa, nafasi apewe mwingine.

Akanipigia simu nikiwa Kitale. "Kuja na hiyo mandolini yako unishikilie sauti." Nikaenda na kigitaa changu hicho, nikijiona mtu wa maana. Haki, mimi na kiburi!

Ukweli ni kwamba katika ki, zile ngazi za sauti ambazo wimbo hupigiwa, nilijua moja tu vizuri, G. Katika G mandolini inakufanyia nusu ya kazi: unabonyeza uzi mmoja, wa jirani unauacha wazi, unapiga zote mbili pamoja, na unasikia kama watu wawili wanaimba. Ki zingine zinataka ubonyeze nyuzi zote mbili, nazo zinauma kama ule waya wa kukatia sabuni dukani. Ya nini nijiumize?

Jumamosi tukafanya mazoezi jikoni kwake. Kila akifika kwenye kibwagizo, sauti inakatika.

"Hii G yako iko juu, bana. Tafuta yenye iko lahisi."

"Si lahisi, Mama. Rahisi. Na hii ndiyo rahisi kuliko zote. Jikaze tu."

Ati mimi kumsahihisha, na kwetu pia r na l tunazichanganya vilevile! Akageukia sufuria yake. Nilijua nimemuumiza, na sikusema pole.

Jumapili akasimama mbele, kitambaa kikifunika kovu. Mama aliyetazamiwa kuchukua nafasi yake alikuwa ameketi safu ya kwanza, mikono mapajani. Nikapiga utangulizi kwa G. Mama mkwe akafungua mdomo, akaufunga. Nikarudia. Hakuanza. Mtu akakohoa. Mchungaji akaangalia saa. Nilikuwa karibu kurudia mara ya tatu nilipoona macho yake yakiniomba niache.

Nikazifunika nyuzi kwa kiganja. "Anza wewe, Mama," nikasema, kanisa lote likisikia.

Akaanza chini, mahali nisipopajua. Nikajaribu kuacha uzi mmoja wazi kama kawaida, sauti zikagongana. Vichwa vikageuka. Nikabonyeza nyuzi zote mbili, hakuna wa kuacha wazi, nikateremka hatua moja, na nyingine, mpaka zikakaa sawa na sauti yake. Ilikuwa kati ya D na E, ki niliyoikwepa miaka yote. Kila alipohama, nilihama naye, vidole viwili pamoja. Viliuma. Wacha viume!

Kwenye kibwagizo akapita, na sauti haikukatika. Ndipo kina kukhu, wale nyanya wa viti vya nyuma ambao sikuwahi kuwasikia wakiimba, wakaingia naye. Hata yule mama wa safu ya kwanza akainuka, akapiga vigelegele.

Tukirudi nyumbani alinishika mkono, akatazama mistari myekundu kwenye ncha za vidole vyangu.

"Kumbe iko. Si nilikuambia utafute yenye iko lahisi?"

"Lakini hii ni ngumu, Mama."

"Kwa nani?"