Mkalimani wa Kusumben

Mwanatabu wa Timbwani hakusoma zaidi ya chuo cha Kurani, lakini Kigujarati anakitema kama aliyezaliwa nacho. Hakufundishwa na mtu. Alikiokota jikoni kwa bibi wa Kihindi, Kusumben, karibu na Shelly Beach, alikomaliza ujana wake akipika, akifua na kumlea Hina, binti wa pekee wa nyumba ile. Hina mwenyewe alikuzwa kwa Kiingereza, maana baba yake alitaka msomi. Alimpata. Leo Hina anafundisha chuo kikuu huko Uingereza, na lugha ya mamake haijui.

Basi kiharusi kilipompiga Kusumben kikamfutia Kiswahili na Kiingereza, kikamwachia Kigujarati tu, Hina alirudi mbio akamtafuta Mwanatabu. Naye akaenda, lakini alikuwa na haja yake. Aliachishwa kazi bila hata ahsante, na alitamani kusikia neno jema moja kwa bibi yule kabla hajafa.

Siku nzima alifasiri. Anataka chai. Mto unamuumiza shingo. Hina akafurahi kama mtoto, akamgeukia Mwanatabu.

"Waona, mama? Kigujarati na Kiingereza, na Kijerumani cha watalii wa hapo ufuoni, na Kiajemi pia, zote ni ukoo mmoja. Babu yao mmoja!"

"Mashallah," Mwanatabu akasema. Kidigo chake hakikutajwa katika ukoo huo, naye hakuuliza.

Jioni alipotwaa mkoba wake aage, Kusumben alimkazia macho, akasema maneno marefu, polepole.

"Amekushukuru?" Hina akauliza.

Mwanatabu angeweza kudanganya, na nani angejua? Lakini uchungu ulimshinda. "Asema mkoba wangu upekuliwe kabla sijatoka."

"Jamani! Msamehe, mama, ni maradhi tu."

"Maradhi gani, mwanangu? Hayo ndiyo aliyokuwa akimwambia baba yako kila magharibi, wakidhani sielewi."

Macho ya Hina, wallahi, yalitua kwenye ule mkoba. Hina huyo huyo aliyebebwa mgongoni! Mwanatabu akaufungua mwenyewe, akaumwaga kitandani: leso, kitambulisho, tasbihi, na vitumbua alivyomletea mgonjwa. Kusumben akavitazama kimoja kimoja, kisha akasema neno fupi.

"Sasa amesema nini?"

"Asema basi, naweza kwenda," Mwanatabu akafasiri, akaanza kuokota vitu vyake.