Kidole cha Sitini na Nne

Nilisoma mpaka darasa la tano tu, lakini adresi, anwani ya mashine kwenye internet, ninaihesabu kwa vidole. Alinifundisha fundi mmoja wa Kasai, aliyefunga antena kwenye kaduka kangu ka internet huko Ruashi. Umeme ulikatika kila mara, kwa hiyo hakuiamini kompyuta. Akasema adresi iko na namba nne, na kila namba mashine inaiandika kwa moja na sifuri, nafasi nane. Ukiacha gumba, vidole ni nane. Kidole kidogo cha kushoto ni mia moja ishirini na nane, kinachofuata sitini na nne, kisha thelathini na mbili, kumi na sita. Mkono wa kulia unaanza kwa kidole cha shahada: nane, nne, mbili, moja. Kilichosimama unajumlisha, kilicholala unaacha.

Antena tulichangia na depo ya madini ng'ambo ya barabara. Fundi aligawa namba ya mwisho ya adresi mafungu manne. La kwanza, linaloanzia sifuri, lilikuwa langu. La pili, la sitini na nne, la ofisi ya walinzi wa depo.

Siku moja magunia ya kobalti yalipotea, na picha za kamera zikafutwa. Mchana huohuo shefu, mkubwa wa walinzi, alinivuta mpaka depo. Alikuwa na karatasi: aliyefuta picha alitumia adresi inayoishia na sabini na saba.

"Muntu wa internet hapa ni weye tu," alisema.

Wakanichapa kwa kebo ya antena mpaka kiatu kikajaa damu. Walitaka nikubali. Mchimbaji waliyemshika kabla yangu alikubali, akatolewa kwa toroli, amefunikwa gunia.

Patroni, mkuu wa depo, alipoingia nikamwomba nihesabu mbele yake. Akasema nihesabu. Nikainua mikono. Sitini na nne, nane, nne, moja: vidole vinne vimesimama, sabini na saba. Nikamkumbusha kwamba mafungu ni manne, kwa hiyo fungu linasomwa kwa vidole viwili vya kwanza tu vya kushoto. Nikalaza vingine vyote. Kikabaki kimoja.

"Sitini na nne, patroni. Iko ofisi ya shefu."

Mlinzi mmoja alicheka. Patroni alielewa, kwa sababu yale mafungu fundi aliyagawa mbele ya macho yake. Alimtazama shefu, shefu akamtazama yeye. Ndipo nikajua magunia waliyaiba wao wawili.

"Asife ndani ya uwanja wangu," patroni akasema, akatoka.

Shefu akaagiza kidole kile kivunjwe. Mlinzi akanyanyua nyundo, akapiga gumba.

"Ile haihesabiwi, mujinga," shefu akamwambia. Somo alikuwa amelishika vizuri. Akachukua nyundo, akakipiga mwenyewe, mara tatu.

Walinitupa njia ya Luano. Leo shefu ana nyumba mtaa wa Bel-Air na anaimba kwaya. Patroni bado ni patroni. Wa kulaumiwa siyo walinzi, siyo majambazi: ni hao wawili, ninaandika hapa.

Kidole kilipona kikiwa kimesimama, hakilali tena. Nikihesabu, lazima kwanza nitoe sitini na nne ambayo sikuiweka. Nikikutana nao mjini wananiita papa, yaani baba, wananyoosha mkono. Ninawapa wa kushoto.