Mwani Uani kwa Marlys

Brashi ya choo ndiyo inayofaa. Marlys Tjaden alianza na reki, akaja na kitana cha chuma cha mbwa wao aliyekwisha kufa, akajaribu mikono mitupu. Mwishowe akagundua kwamba ukifunga brashi ya choo kwenye mpini wa ufagio, ukaitumbukiza bwawani na kuizungusha, mwani unajisokota kama tambi kwenye uma. Unavuta, unakung'utia kwenye ndoo, unaanza tena. Mimi nilikuwa upande wangu wa uzio na kikombe cha kahawa, nikimtazama, na nilichoka kwa niaba yake.

"Imetoka choo gani hiyo?" nikamwuliza.

"Mpya, Bernadine. Usianze."

Bwawa alilichimba mumewe, Duane, mwaka aliostaafu kuendesha lori la maziwa. Si kubwa, gari dogo lingeenea. Mawe ya ukingoni aliyatoa shambani kwa kaka yake, akayabeba moja moja, na mgongo wake haujawahi kumsamehe. Akanunua samaki wa rangi, akawapa majina. Yule mkubwa, mweupe mwenye doa jekundu utosini, akamwita Mchungaji, kwa sababu hafungi mdomo. Mchungaji wetu wa kanisani aliposikia alicheka, ingawa si sana.

Miaka ile maji yalikuwa safi, unaona mpaka kokoto za chini. Halafu Duane akaanza kusahau. Zilianza funguo, zikafuata njia za mjini alizoziendesha maisha yake yote, yakafuata majina ya watoto, na mwisho jina la Marlys. Bwawa tu ndilo hakulisahau. Kila asubuhi anatoka na kopo la chakula cha samaki, anawarushia, kisha anakaa kwenye benchi akiwatazama, ametulia. Marlys anaosha vyombo dirishani huku jicho liko uani. Asipomwona kwenye benchi, anajua yuko barabara kuu anatafuta lori lake. Mara mbili polisi wa wilaya walimrudisha, na mara ya pili yule kijana wa polisi alimwambia Marlys kwa upole kwamba kuna nyumba za kuwatunza watu wa namna hii. Marlys alimshukuru, akafunga mlango, akalia jikoni.

Kwa hiyo lile bwawa lilikuwa ndilo linalomweka Duane nyumbani. Hakuna kingine. Na kiangazi hiki likaanza kufa.

Hapa kwetu Iowa mwezi wa Julai joto halina adabu. Mahindi yanatoa jasho, na watu wanatoa jasho zaidi ya mahindi. Maji ya Duane yaligeuka kijani, kisha yakajaa nyuzi ndefu za mwani zilizofunga kila jiwe na kuziba pampu. Marlys akaosha chujio kila siku. Akazamisha matita ya majani makavu ya shayiri, maana aliambiwa yanasaidia. Akapanda mayungiyungi yatie kivuli. Mwani ukamcheka. Alipokwenda dukani, bwana mmoja akamwuzia unga wa kuua mwani, na kweli uliuua, wote kwa mpigo. Mwani ukazama, ukaoza, ukamaliza hewa ya majini. Asubuhi samaki walikuwa juu wanatweta, na Marlys alisimama na mpira wa bustani akirusha maji hewani mpaka mikono ikafa ganzi. Wawili hawakupona. Aliwazika chini ya nyanya kabla Duane hajaamka.

"Mchungaji akifa," aliniambia, "na mimi nimekwisha, Bernadine. Sina pengine pa kumweka huyu mzee."

Wiki moja baadaye mwani ulikuwa umerudi.

Siku moja nilikaa barazani kwangu namenya mahindi, sina haraka. Nikamwona Duane anatoka na kopo lake, anawalisha samaki, anakaa. Baada ya muda akainuka, akaingia ndani. Akatoka na kopo, akawalisha. Nikadhani naota. Kabla sijamaliza ndoo yangu ya mahindi, huyo tena, kopo mkononi, uso umechangamka kama ndio kwanza kumekucha.

"Marlys!" nikaita. "Njoo hapa uzioni. Mumeo analisha samaki mara ngapi?"

"Mara moja, asubuhi. Kwa nini?"

"Mara moja ya nani? Mimi hapa nimekwisha kumwona mara tatu, na bado hatujala cha mchana!"

Alinitazama, akaligeukia bwawa. Samaki walikuwa wameshiba, hawageuki. Vidonge vya chakula vilikuwa vinazama taratibu kwenye ule ukijani. Chakula kikizama kinaoza, na kikioza ni mbolea. Hata mimi niliyepika shuleni miaka yote, nisiyejua samaki ila wa kukaanga, nilielewa.

Marlys akakaa kwenye ngazi, akaanza kucheka, kicheko kibaya. "Mimi nauvuna mchana kutwa," akasema, "na yeye anaupanda."

Tulifanya ambalo mtu yeyote angefanya. Tulimfichia kopo, na gunia la chakula nikalifungia gereji kwangu. Duane alitafuta. Alifungua makabati yote, akamwaga unga, akatoa sufuria moja moja na kuzipanga sakafuni. Marlys alipoinama kuokota, yeye akatoka. Nilimkuta karibu na maghala ya nafaka, amevaa ndara, malori yanampita ubavuni.

"Unakwenda wapi, Duane?"

"Kununua chakula cha samaki," akasema. "Wana njaa. Pale hakuna mtu anayewajali."

Nikamshika mkono, tukarudi polepole. Marlys alikuwa getini, mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna.

"Mrudishie kopo," akaniambia. "Maji yawe kijani, samaki wafe, basi. Siwezi kumfungia ndani kama mbwa. Nimechoka, Bernadine. Nimechoka mpaka nimechoka kusema nimechoka."

 

Duane alikuwa amekwisha kutupita. Alifika bwawani, akasimama. Brashi ya choo ilikuwa juu ya mawe, pale Marlys alipoiacha asubuhi. Akaiokota, akaigeuza geuza, akaitumbukiza. Akazungusha. Akavuta fungu zima la mwani, akalikung'utia ndooni bila kumwaga hata tone.

"Nani ameliacha bwawa hili likawa hivi?" akafoka. "Hamna haya?"

"Mkeo," nikamjibu. Mdomo wangu huu!

"Mwambie nitazungumza naye."

Alivuta mwani mpaka akachoka, akaweka brashi, akakaa kwenye benchi. Hatukuthubutu kusogea. Kisha akainuka, macho yakaiangukia brashi, akaangalia maji. "Nani ameliacha bwawa hili likawa hivi?" Akaanza upya, kwa hasira ileile, na bidii ileile. Marlys alinishika mkono akaufinya mpaka ukaniuma.

Tangu hapo, asubuhi Marlys anatia koponi chakula kidogo cha kubana kwa vidole viwili, kikiisha kimekwisha. Gunia limebaki kwangu. Brashi inakaa kando ya benchi, na Duane anakuta bwawa chafu kila anapoinuka, mchana kutwa, kila mara kama mara ya kwanza. Maonyesho ya wilaya yalipofika mwezi wa Agosti, kokoto za chini zilikuwa zinaonekana. Sidanganyi, mwani haujaisha. Mwani hauishi. Na zipo siku anaitupa brashi juu ya paa, nami ndiye ninayepanda ngazi. Lakini Mchungaji yuko hai, na barabara kuu haijamwona Duane.

Jumamosi iliyopita niliwapelekea mahindi ya kuchemsha. Niliposukuma geti, Duane alinigeukia haraka, kidole mdomoni. Marlys alikuwa amelala kwenye kiti cha bustani, mdomo wazi, mikono imeanguka pembeni. Sikumbuki lini nilimwona amelala mchana.

"Usipige kelele," Duane akaninong'oneza. "Yule mama amechoka sana."

"Mama gani, Duane?"

Akamgeukia Marlys.

"Jina lake silijui," akasema. "Lakini yupo hapa kila siku."

Akavua kofia yake, akaiweka taratibu usoni pa Marlys kuzuia jua, akarudi kwenye brashi yake. Mimi nikaacha mahindi kwenye ngazi, nikatoka.