Santuri Kwenye Kichanja

Mdogo wangu Aloisi ni mtu ambaye ukimkanyaga mguu, yeye ndiye atakayeomba radhi. Nasema hivi kwa hasira, siyo kwa kumsifu. Miaka saba yuko ghalani Okolona na skana mkononi, maboksi yanapita mbele yake kwenye mkanda, na hajawahi kumwambia msimamizi kwamba mgongo unamuuma. Mimi Agata, dada yake, ndiye mwenye mdomo katika nyumba hii. Mdomo wangu hauna breki, muulizeni yeyote pale kanisani.

Mkewe Delfina alifariki kambini, Kasulu, mwaka 2004. Malaria ya siku tatu, basi. Alimwachia mtoto wa miaka mitatu, Flavia. Sisi ni watoto wa Warundi waliokimbia mwaka 1972, tumezaliwa na kukulia Tanzania kambini, na picha kule haikuwa kitu cha kila mtu. Delfina alikuwa na picha moja tu, ile ya kadi ya posho, nayo ilibaki ofisini. Tulipoletwa Louisville, Marekani, mwaka 2008, mama mzazi wa Delfina, Mama Bamurange, alipelekwa mji wa Buffalo na mwanawe mwingine. Flavia nikamlea mimi hapa mtaa wa Iroquois, ananiita shangazi na kunijibu kwa Kiingereza. Hakuwa na hata chembe ya kumkumbukia mama yake.

Mwezi wa sita mwaka 2015, Aloisi alikwenda duka la mitumba kunitafutia sufuria kubwa. Akarudi na santuri.

"Sufuria iko wapi?" nikamuuliza.

Aliiweka santuri mezani, akaweka kidole kwenye picha ya ganda lake. Palikuwa na mabomba sita ya maji kwenye saruji iliyopasuka, na mbele yake ndoo ya njano yenye mpini wa kamba ya katani.

"Dada, hii ni ndoo yetu."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumtukana. Nikaangalia. Kamba ile niliifunga mimi mwenyewe, mafundo matatu. Ilikuwa ndoo yetu.

Nikawakumbuka hapo hapo. Wazungu wawili wa Uskoti, Fergus aliyekuwa fundi wa mabomba ya maji, na Isla aliyefundisha chekechea. Jioni walikaa nje ya hema lao wakipiga magitaa, na sisi tulidhani ni wanakwaya wa kanisa fulani la kwao. Kumbe walikuwa na kundi la muziki, linaitwa Tin Rowan, ndivyo ganda lilivyosema. Siku moja walimkuta Delfina anaimba kwenye foleni ya maji, wakamwekea kinasa sauti mbele yake. Aliimba, akateka maji, akarudi nyumbani kupika. Hakuna aliyelizungumza tena.

Gramafoni tuliipata kwa jirani yetu Ezéchias, Mkongo wa Bukavu, anayeokota kila kifaa cha zamani. "Bon, leta tusikie," akasema. Nyimbo zilikuwa za Kiingereza, gitaa la taratibu, na Fergus akiimba kama mtu aliyeamshwa kabla ya kushiba usingizi. Nikasema hawa watu walikosa uji asubuhi. Ezéchias akacheka. Aloisi hakucheka. Tukageuza upande wa pili, na wimbo wa mwisho ukaanza na maji yanayomwagika kwenye ndoo. Kisha Delfina, peke yake.

Ulikuwa wimbo wetu wa Kirundi wa kumbembeleza mtoto. Kwenye ubeti wa pili anakohoa kidogo, anacheka mwenyewe, anaendelea. Aloisi aliinama mpaka kichwa kikagusa magoti. Mimi nililia bila aibu. Flavia alisimama mlangoni na simu mkononi, uso wake siwezi kuueleza. Akauliza kama anaweza kuirekodi.

"Hapana," baba yake akasema.

Sijawahi kumsikia akikataa kitu kwa sauti ile. Akamweleza binti yake kwamba marehemu ana mama, na mama ndiye mwenye msiba, kwa hiyo yeye ndiye wa kwanza. "Bibi yako akishasikia, utarekodi mpaka uchoke. Sitaki sauti ya mama yako itembee kwenye WhatsApp za watu kabla mama yake hajaisikia." Na mimi nilimuunga mkono. Kwetu ndivyo ilivyo.

Tukapiga simu Buffalo. Mama Bamurange alitaka nimweleze tena tangu mwanzo. Halafu akauliza, "Mnakuja lini?" Aloisi akaomba likizo ya wiki ya pili ya Julai. Tangu siku hiyo bibi alipiga kila baada ya siku mbili kuuliza tarehe, kama vile hatukumwambia. Sisi tuliisikiliza mara nne tu, kwa kuogopa sindano isiichoshe.

Sasa nifike pale nisipopenda kufika. Siku mbili kabla ya safari niliitoa santuri kwenye ganda lake. Ilikuwa na vumbi la miaka na vidole vya watu nisiowajua. Nikajiambia, huwezi kumpelekea mzazi kitu kichafu namna hii. Nikaiosha kwa maji na sabuni, kwa kitambaa laini, taratibu, nikaisuuza mara mbili. Nyuma ya nyumba nina kichanja cha vyombo, Aloisi alinijengea kwa mbao za paleti kutoka kazini. Mwenye nyumba ameshakilalamikia, na mimi nimeshamjibu. Sahani ambayo jua halijaipiga, kwangu mimi bado haijatakata, hivyo ndivyo nilivyolelewa. Nikaianika santuri kati ya sahani na mfuniko, saa saba mchana, jua la Julai la Kentucky, nikaingia ndani kuchambua maharage.

Nilipotoka ilikuwa imelegea kama chapati, ukingo umeingia katikati ya mbao.

Aloisi alipotoka kazini nilimpa mkononi, maana hata pa kuificha sikuwa napo. Aliishika pande zote mbili akaitazama. "Ulitaka iwe safi," akasema, akaenda kuoga. Ningemshukuru kama angenifokea. Ezéchias alijaribu kuipiga, sindano ikaruka, ikakwaruza, ikaruka tena. "Donc, hii imekwisha," akasema, akazima mashine.

Flavia hakunisemesha jioni nzima. Alikaa na simu yake, na baadaye akaja kumsomea baba yake. Mtu mmoja anayekusanya santuri zilizosahauliwa alikuwa ameandika habari za Tin Rowan, ingawa santuri yenyewe hakuwahi kuipata. Walitoa nakala mia mbili, karibu zote hazikununuliwa, kundi likavunjika. Isla alishafariki. Fergus alioa Mmarekani, anatengeneza piano Westerville, hapo kaskazini mwa Columbus. Flavia alikuwa ameshamwandikia, na jibu lilikuwa limeshafika: njooni.

Columbus iko njiani kwenda Buffalo. Tukaondoka na tumaini moja tu, kwamba mwenye santuri hakosi nakala yake.

Fergus alitufungulia mlango akiwa na nywele nyeupe, akaniamkia mimi shikamoo, mzee mzima. Kiswahili chake cha Kasulu kilikuwa kimebaki hicho tu, mengine Flavia alitafsiri. Aliichukua santuri yetu iliyopinda akaishika kama mtu aliyepewa ndege aliyekufa. Nakala zake zililowa maji ya mafuriko chini ya nyumba. Kanda za mwanzo zilikuwa kwa Isla, huko Dundee, na baada ya mazishi nyumba ilisafishwa na watu wasiojua chochote.

"Louisville tulipiga mara moja," akasema. "Walikuja watu tisa. Mmoja alinunua santuri."

Basi ile yetu ndiyo ile ya yule mmoja. Fergus akafuta macho kwa mkono wa shati. Akasema Isla alikuwa akimwambia kila mara kwamba wimbo pekee mzuri waliowahi kuutoa haukuwa wao.

Akachukua gitaa, akatafuta sauti. Akamwomba Aloisi aimbe kidogo apate njia. Aloisi alianza, akakwama kwenye mstari wa kwanza, akatazama dirishani. Hapo ndipo Flavia, asiyejua Kirundi, alipoimba. Aliimba wote, na kwenye ubeti wa pili akakohoa pale pale, akacheka kile kicheko, akaendelea. Mara nne tu aliusikia. Fergus aliacha gitaa.

"Twende Buffalo," Aloisi akasema.

Hatukumpigia Mama Bamurange kumwambia. Habari mbaya hatuipeleki kwa simu, tunaipeleka kwa miguu. Kwa hiyo tulipofika tulikuta amealika akina mama wa kanisa, viti vimepangwa mpaka barazani, wali na ndizi vimefunikwa. Gramafoni ya kuazima ilikuwa juu ya meza na kitambaa cha kufuma chini yake. Mwenyewe alivaa kitenge kipya na kukaa karibu kabisa na mashine, kwa sababu sikio lake la kushoto halisikii.

Aloisi alipiga magoti akamwekea santuri mapajani. Akamwambia kwamba ilianikwa juani ikaharibika, na kwamba Flavia atamwimbia. Mtoto akaimba. Akina mama walilia, mmoja akasema ni Delfina kabisa. Mama Bamurange alisikiliza mpaka mwisho, macho chini, kisha akamshika Flavia shavu.

"Umeimba vizuri, mjukuu wangu. Lakini huyu ni Flavia. Mwanangu sauti yake ilikuwa nzito."

Akaanza kuipapasa santuri. "Yeye yuko wapi humu?"

Mkwe hamshiki mama mkwe mkono ovyo, lakini Aloisi alimshika. Alichukua kidole chake akakipeleka karibu na katikati, kwenye mistari ya mwisho. "Yuko hapa, mama." Kidole kikabaki hapo. Chakula kikapoa.

"Nani aliianika juani?" akauliza.

Nilifungua mdomo. Nawaapia niliufungua.

"Mimi, mama," Aloisi akasema. "Nilitaka iwe safi."

Akaangaliwa na nyumba nzima. Nami nikaangalia viatu vyangu. Nikajiambia nitasema baada ya kula, halafu nikajiambia nitasema asubuhi kabla ya kuondoka. Asubuhi nilibeba mabegi nikaingia garini.

Mama Bamurange hupiga simu kila Jumapili. Huuliza shule ya Flavia, huuliza goti langu, huuliza hata habari za Ezéchias asiyemjua. Aloisi hukaa jikoni, hupunguza sauti ya televisheni, na husikiliza. Tangu Julai ile bibi hajamtaja yeye. Nikikata simu mdogo wangu huniangalia.

"Mama anakusalimia," namwambia.

"Asante, dada," anasema, na kuongeza sauti ya televisheni.