Bakuli la Mama Hadija na Mahindi ya Zambarau

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu, mwanangu, majani ya mahindi yetu hapa juu Lushoto yalipogeuka rangi ya zambarau. Nilikuwa mke mgeni, nikayaona yamependeza. Mama mkwe hakuona hivyo. Alikuwa na kinyongo tayari, maana jirani yetu Mama Hadija, rafiki yake tangu usichana, alikuwa ameacha kutuletea mapeasi. Mabakuli yake yalikaa kwetu. Tuliona haya kuyarudisha matupu, na cha kutia hatukuwa nacho.

"Shamba kaliroga Mama Hadija huyo," alisema mama mkwe. "Jioni namwendea."

Niliogopa urafiki wao unakwisha siku hiyo.

Kwa bahati akapita bibi shamba, mtaalamu wa kilimo wa serikali, binti mwenye buti kubwa kuliko miguu. Akaamkia, akasikiliza malalamiko ya mama mkwe, akapindua jani.

"Mama, hakuna mchawi hapa. Udongo umepungukiwa fosfeti, kirutubisho cha mmea. Ndani ya jani kuna majiko madogo ya kijani yanayopika sukari kwa jua. Kila jiko lina utando, na kwenye utando kuna protini, kama bawabu. Sukari hutoka imeshikana na fosfeti. Bawabu akitoa moja, lazima fosfeti nyingine iingie. Isipokuja, sukari inakwama ndani, jani linageuka zambarau, na mmea unadumaa."

Nisimsingizie: alisema baridi nayo huleta rangi hiyo. Na mimi niliyeishia darasa la saba huenda nimepoteza nusu ya maneno yake.

Mama mkwe akacheka mpaka kitenge kikamlegea. "Kumbe hata jani lina adabu kunishinda: likipokea, linarudisha."

Siku hiyo tulipanga samadi na mbolea ya kupandia kwa msimu ujao. Jioni alimwendea kweli, mabakuli mkononi, fungu la mboga ya mnavu juu yake, nami nikamfuata.

"Mbona uliacha kuleta mapeasi?" akauliza.

"Ningeleta kwa nini, shoga? Mabakuli yangu yote umeyakalia wewe."

Walicheka hadi giza likaingia, na nilirudi nyumbani nimebeba mapeasi.

Mwanangu, ukipewa, rudisha chombo mapema, hata kikiwa na majani tu. Usingoje upate kingi ndipo urudishe. Anayekupenda anaweza kuwa amekwama upande wa pili, hana pa kutilia. Na kabla hujamshuku jirani, pindua jani kwanza.

Mungu akujalie mkono mwepesi wa kupokea na wa kurudisha, na mlango wako usikose wa kuubisha.