Shujaa Aliyeanzia Mwisho

Shujaa wangu nilimpata mtaa wa Najma, katika nchi ya Kiarabu nilikokwenda kufanya kazi, ndani ya duka la vitu vya mitumba lililouza mabegi, vitabu na pasi za watu waliokwisha kurudi kwao. Kilikuwa kitabu kinene cha katuni, kwa Kiarabu: maisha yote ya shujaa mmoja wa zamani, tangu alipobuniwa mpaka alipovuma. Kiarabu sijui alifu wala be. Lakini picha zake! Nilisoma nikiwa nimesimama mpaka mwenye duka akaniuliza kama nanunua au nimehamia pale.

Nilikuwa mlinzi wa jengo mtaa wa West Bay, na jambo moja liliniuma kuliko jua la Agosti. Binti yangu wa miaka saba alikuwa amegoma kuzungumza nami. Kila Ijumaa nilikwangua kadi ya simu nikapiga Nakuru, mama yake akamwekea simu sikioni, na mtoto akanyamaza. Nilimsikia akipumua tu. Kwake nilikuwa mtu aliyepanda ndege akaenda zake.

Ijumaa hiyo sikumuuliza habari za shule. Nilifungua kitabu nikaanza: "Kuna jamaa ana barakoa ya kijani, anapaa juu ya mawingu, amebeba meli kwa mkono mmoja." Kimya. "Mwizi ameanguka, halafu jamaa akampiga ngumi."

"Ameangukaje kabla hajapigwa?"

Jamani! Nusura nigonge kichwa kwenye kitanda cha juu kwa furaha. Nikamjibu kwamba jamaa huyu ni hatari, wezi huanguka kabla ngumi haijafika. Akacheka. Binti yangu akacheka!

Tangu hapo tukaenda ukurasa kwa ukurasa, maneno nikiyatunga mwenyewe. Ajabu ni kwamba shujaa alizidi kupungua. Kwanza alipaa. Baadaye akawa anaruka tu, paa hadi paa. Baadaye hata kuruka akaacha, akabaki na mikono yenye nguvu na koti la kazi lenye kiraka. Hata uchoraji ulizidi kuharibika, pua ikahamahama. Nilimpenda mno. Nikadhani mtunzi wake ana hekima ya kutisha.

Siku moja mwenzangu wa chumba, Mzanzibari aliyeendesha gari la familia moja ya mtaa wa Abu Hamour, alinikuta nikijiandaa kwa simu ya Ijumaa. Akatazama kidole changu kikitembea juu ya picha, akacheka mpaka akakaa chini.

"Ndugu yangu, hichi kitabu cha Kiarabu. Chaanzia kulia, na picha zake vivyo hivyo. Hapo ulipoanzia weye ndipo kilipoishia."

"Wacha mchezo, bana."

"Wallahi! Siye chuoni, kwenye Kurani, tumeyajua haya hatujang'oka meno."

Nikakigeuza. Mungu wangu! Kumbe yule mwenye kiraka ndiye wa kwanza, na kila mchoraji aliyemshika alimwongezea kitu: huyu barakoa, yule miruko, mwingine mawingu. Nilimwona akikua mbele ya macho yangu. Kisha nikaingiwa na hofu. Miezi mitatu nilikuwa nimemdanganya mtoto aliyekuwa ameanza kuniamini.

Ijumaa nilimwambia ukweli wote, pamoja na wezi wale walioanguka kabla ya ngumi. Akanyamaza, na kimya kile nilikijua.

"Baba," akasema, "kwa hiyo zile kurasa tumebakiza, ni za wakati hajakuwa shujaa?"

"Ndiyo."

"Anafanya nini huko?"

Nikafungua ukurasa wa kwanza, ambao kwetu ulikuwa wa mwisho. "Hana barakoa. Amekaa mezani na watu wake, wanakula."

"Basi tusianze upya. Twende hivyo hivyo mpaka afike hapo." Akafikiri kidogo. "Na wewe umebakiza kurasa ngapi?"

Mkataba wangu ulikuwa umebakiza miezi minne.

"Nne," nikamwambia.